Rambirambi ya Tanga

Mzee Majuto, yule mchekeshaji wa muvi, alifariki siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti. Kwa mtu wa Mbeya hiyo si tarehe ya kuandika ukutani. Inarudi yenyewe kila mwaka na vumbi lake, baridi yake, na madume ya ng'ombe yaliyooshwa mpaka yanang'aa kuliko wenye nayo. Mwaka 2018 iliangukia Jumatano. Nilikuwa na meza kwenye viwanja vya John Mwakangale, nauza chaja na kadi za memori, na kwa mwenye flashi yake namwekea muvi na nyimbo.

Habari ilitufikia usiku. Tulikuwa tumeshafunika meza kwa maturubai, tumekaa juu ya makreti tunakula chipsi, kila mtu na makoti mawili. Kijana wa meza ya jirani, aliyekuwa anauza miche ya parachichi, akasoma kwenye simu: "King Majuto hatunaye." Tukamzomea. Mzee yule alishazushiwa kifo kabla, na kila mara anaibuka mzima huku amekunja uso, kiasi kwamba uzushi wenyewe ulishakuwa sehemu ya vichekesho vyake. Lakini kila mmoja akatoa simu yake, na kila simu ikasema neno lilelile. Amefia Muhimbili, Dar es Salaam. Miezi michache nyuma alikuwa amepelekwa India kutibiwa, akarudi, na sisi wa mbali tukajihesabia kwamba yameisha.

Kukawa kimya. Halafu mama aliyekuwa anatukaangia chipsi akaanza kucheka.

"Jamani, nisameheni," akasema, "nimemkumbuka anavyofoka akishagundua amechezewa." Akaweka kijiko cha mafuta kiunoni, akatoa macho, akainua kidevu, akaanza kumgombeza mtu asiyekuwepo kwa lafudhi ya Tanga ambayo kwenye mdomo wa mama wa Kisafwa ilitoka imepinda vibaya sana. Tulicheka mpaka walinzi wakaja kuangalia kuna nini. Mama akafuta macho kwa pindo la kitenge, akarudi kwenye karai lake. Msiba wa mchekeshaji una tabu hiyo: ukimkumbuka vizuri unacheka, na ukishacheka unajiona umekosa adabu.

Mimi nilicheka na wenzangu, lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu. Nilijua kesho watu watazitaka muvi zake, na mimi ninazo, karibu zote, kwenye diski moja ya ekstanali ndani ya soksi.

Nirudi nyuma kidogo.

Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, mama yangu alikuwa na meza ya mitumba mle ndani. Nilimkuta asubuhi amesimama barabarani ameshika funguo za kufuli. Kufuli lenyewe halikuwepo, wala mlango, wala ukuta uliobeba mlango. Mpango wa mimi kurudia mtihani wa kidato cha nne ukafia palepale, nikaenda kukaa kwa mjomba, Soweto ya hapahapa Mbeya, aliyekuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea muvi. Mabenchi manane, TV moja, deki moja, turubai jeusi kuzuia mwanga. Kazi yangu ilikuwa kukusanya shilingi mia mbili mlangoni na kufukuza watoto waliotoroka shule, isipokuwa wale wenye mia mbili.

Mlangoni pale ndipo nilipojifunza watu. Muvi za Kichina za kupigana zinaleta vijana. Za Kinigeria zinaleta akina mama, na mama mmoja wapo lazima alie kwa sauti. Lakini ukiweka ubao nje umeandika kwa chaki MAJUTO LEO, wanakuja wote: makonda, mama mwenye mtoto mgongoni, wazee waliokuwa wanapita tu kwenda kununua dawa ya mbegu. Mjomba alikuwa anasema, "Huyu mzee hana msimu. Ni kama chumvi."

Kwa kuwa mimi nilimwangalia kwa kazi, muvi ileile mara sita kwa siku, nilifika mahali nikaacha kucheka nikaanza kuona. Majuto alikuwa hana haraka. Mtu anamwambia jambo baya, na uso wake unabaki palepale kama hajasikia. Unahesabu moja, mbili, tatu, halafu unaona habari inaingia, inapita kwenye macho, inashuka mdomoni, ndipo sauti inapolipuka. Banda zima lilikuwa linajua inakuja na bado linashtuka. Na mara nyingi alikuwa na haki. Ameibiwa kweli, amedanganywa kweli, amesalitiwa kweli, ila majivuno yake yalikuwa makubwa kuliko mfuko wake, na hapo ndipo palipokuwa na kicheko. Mara nyingine mwenzake anaonekana kabisa anauma mdomo asicheke, nawe unajua maneno yale hayakuandikwa popote, mzee ameyatoa tumboni. Mtu huyu, Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1948, alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, angali mtoto, nchi yenyewe haijapata uhuru. Mimi nilidhani ni kipaji. Kipaji kilikuwepo, lakini niliyekuwa namwangalia ni fundi wa miaka hamsini kazini.

Kibanda cha mjomba kilikufa kwa mgao wa umeme na madeni, habari yake ndefu na haina raha. Mwaka 2010 nikafungua changu mwenyewe, karibu na Kabwe, cha kuchoma CD.

Kwa waliozaliwa juzi: nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye raita saba, zimepangwa wima kama vipandio vya ngazi. Muvi mpya ikiletwa na basi la Dar, nanunua orijino moja, naiweka kwenye tundu la juu, matundu mengine natia tupu. Mpaka magharibi nimepata kopi hamsini, sitini. Orijino shilingi elfu tatu, yangu elfu moja. Kava nilichapa mwenyewe kwa printa iliyokuwa inaishiwa wino mwekundu kila wiki, kwa hiyo kwenye CD zangu Mzee Majuto alikuwa wa kijani. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Na kwa kuwa nilikuwa mfanyabiashara mwenye malengo, nikajifunza kupitisha namba yangu ya simu chini ya kioo, inatembea polepole kutoka kulia kwenda kushoto: KWA MUVI KALI ZOTE PIGA, halafu namba.

Mwaka 2011 nilisafiri kwenda Kariakoo kununua tupu kwa jumla. Tuliondoka Mbeya alfajiri, na tulipopita Makambako konda akaweka CD. Ilikuwa ya Majuto. Basi zima likaamka. Mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa kando yangu, mtu mzito, amebana mkoba kifuani tangu stendi, akaanza kucheka kama anakohoa. Baada ya Iringa, tunashuka Kitonga, lori mbele lori nyuma, watu ambao kwa kawaida mlima ule wanausali kimoyomoyo walikuwa wanapigana mabega kwa kicheko. Ndipo nikaona chini ya kioo kitu kinatembea kutoka kulia. Namba yangu.

Nitakuwa mwongo nikisema niliona aibu. Nilijaa. Nilitamani nisimame niwaambie abiria, ni mimi huyo. Halafu, pale mzee anapohesabu moja, mbili, tatu, CD ikakwama. Uso wake ukagawanyika vipande vipande, vya kijani na kijivu, sauti ikawa tr-tr-tr-tr, basi likapiga miluzi. "Konda, feki hizo!" Konda akatoa CD, akaipulizia, akaifuta kwa shati, akairudisha, ikakwama palepale. Nikageukia dirishani nikaangalia mibuyu ya Mbuyuni mpaka Mikumi.

Kule kijijini kwetu, Rungwe, kupanda kutoka Tukuyu mpaka utelezi unapokukataza kuvaa viatu, bibi yangu naye alikuwa shabiki wa mzee. Kiswahili cha bibi ni cha sokoni: bei, kilo, punguza. Mengine yote ni Kinyakyusa. Krismasi ya 2014 nikapeleka TV ndogo na deki, jirani akawasha jenereta, tukaweka Majuto. Nilidhani nitakaa nimtafsirie. Hakutaka. Alinisukuma pembeni, "Mume wangu, usinizibie." Alicheka kwa wakati wake kamili, kabla ya wajukuu waliosoma. Uso ule haukuhitaji mkalimani. Jenereta lilipozimwa, tukiwa tunakula mbalaga gizani, akaniuliza swali.

"Huyu babu anakula kwa nani?"

Nikamwambia hii ni kazi yake, bibi, analipwa.

"Na nani?"

"Na wanaonunua CD."

"Kumbe unamlisha wewe," akasema, akaniongezea ndizi.

Niliinyamazia ile ndizi, nikaila.

Dalili nyingine zilishanipita kabla ya hapo. Tarehe 26 Novemba 2012, Sharo Milionea, yule kijana mwembamba wa mbwembwe aliyekuwa akicheza na mzee mara nyingi, alikufa kwa ajali ya gari Muheza, hukohuko Tanga. Nilimpenda sana Sharo. Niliguswa. Na wiki ile niliuza kuliko wiki yoyote tangu nifungue, nikanunua godoro la sita kwa sita. Mke wangu aliuliza hela imetoka wapi, nikamwambia biashara imechangamka. Mwaka uliofuata zikaanza stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki. Wakaguzi wakipita, mimi nafunga mlango kwa nje na kukaa kwa fundi viatu kama mteja, nimevua kiatu kimoja. Baadaye watu wakaacha deki wakahamia flashi, nami nikahama nao. Flashi haina kava wala stempu. Hata ile elfu tatu ya orijino niliacha kuitoa, kwa sababu muvi nilizipata kwa mwenzangu wa Tunduma, naye sijui alizipata kwa nani.

Nasema haya yote ili lieleweke lile swali la fundi simu.

Ilikuwa mwaka huohuo wa 2018, mzee akiwa anaumwa. Malipo ya matangazo ya biashara aliyoigiza yakawa mjadala wa nchi, na waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, mtu wa hukuhuku kwetu Kyela, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Redio ya saluni ilikuwa inaeleza habari hiyo, sisi kumi hivi tumekaa kibarazani. Kila mtu alikuwa mwanasheria. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Mzee amenyonywa, nilisema, mtu mzima ameichekesha nchi nzima halafu leo mpaka serikali iingilie kati matibabu yake, hawa watu wana roho gani? Nilipiga na meza.

Fundi simu wa kibanda cha pili ni mtu wa maneno machache. Alikuwa ameinamia simu, lenzi iko jichoni, hata hakuinua kichwa. "Na wewe," akasema, "mkataba wako na mzee mliusaini wapi?"

Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Ilikuwa imetoka kwa wakati wake, kama ya mzee mwenyewe. Lakini usiku ule nililala vibaya juu ya lile godoro.

Basi, tarehe 9 Agosti, Alhamisi. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifungua kibanda, nikakumbuka swali la fundi, nikafunga kwa heshima ya marehemu. Sikufunga. Saa mbili asubuhi kulikuwa na watu wanne wamesimama na flashi mkononi, saa nne walikuwa kumi na kitu. Baba mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la pili, akaniambia nimwekee zote, huyu mtoto amjue. Mama mmoja wa Igawilo alitaka ile ya mzee na mkwe wake, hajui jina, akaniigizia mbele ya watu mpaka nikaitambua. Dereva wa lori anayeelekea Zambia alichukua kumi na mbili za njiani. Ulikuwa msiba hasa, watu wanasimuliana muvi kwenye foleni kama matangani wanavyosimuliana maisha ya marehemu, na mimi katikati yao nachukua mia tano tano. Mpaka jioni nilikuwa na shilingi elfu themanini na saba. Fundi simu alipita mara mbili kwenda maji. Hakusema kitu, na laiti angesema.

Ijumaa mzee akazikwa kwao Tanga. Jumamosi nilipanda Koasta ya Tukuyu.

Nilimkuta bibi anamenya ndizi barazani, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikamsalimia, "Ugonile," tukaulizana ya nyumbani, kisha nikamwambia yule babu wa kwenye TV, yule wa kufoka, amefariki. Akaweka kisu chini. Kwetu habari ya msiba hupokelewa mikono ikiwa mitupu.

"Ana watoto?"

"Anao."

"Wamezika?"

"Jana. Tanga."

"Ulienda?"

"Bibi, Tanga ni mbali. Ni kule baharini."

"Umetuma nini?"

Nilikuwa na majibu mengi niliyoyaandaa maishani kwa wakaguzi, kwa mke wangu, kwa fundi simu. Kwa swali hili sikuwa nalo hata moja. Bibi alinisubiri kidogo, halafu akafungua fundo la kanga pembeni ya kiuno, akatoa noti mbili za elfu moja zilizokunjwa mpaka zimekuwa kama maharage. Akazinyoosha juu ya goti, moja, mbili.

"Peleka," akasema. "Alikuja hapa nyumbani, akatuchekesha na watoto. Tusionekane hatuna adabu."

Nilijaribu kumweleza. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, kwamba hakuja hasa. Kwake yeye mtu akishaingia barazani kwako ukacheka naye, mmeshajuana, na msiba wake ni wako. Yeye ni Mmoraviani, amezika watu wengi, anajua utaratibu kuliko mimi.

Wiki iliyofuata nilizunguka Mwanjelwa kutafuta orijino ya Majuto, ya deki, yenye stempu. Si kazi ndogo. Maduka ya CD yalishakuwa maduka ya nywele. Nilipata moja kwa mama anayeuza vioo na picha za ukutani, iko nyuma kabisa, imefunikwa na vumbi. Akaniambia elfu mbili. Nikampa elfu tano, nikamwambia abaki nayo. Aliigeuza ile noti mara mbili, akaiinua kwenye mwanga kuangalia kama ni halali, kisha akanitazama mimi kwa namna ileile.

Muvi za Kitanzania niliacha kuziweka. Sizoni za Kikorea niliendelea nazo karibu miaka miwili, nisijipambe. Siku hizi nauza kava za simu na nafanya uwakala wa kutuma na kutoa pesa, na mashine ya raita saba mke wangu anakaushia dagaa juu yake.

Ile CD ipo nyumbani, juu ya kabati, haijafunguliwa nailoni yake. Mzee kwenye kava hiyo ana rangi yake mwenyewe, ya maji ya kunde, nilikuwa nimesahau. Noti za bibi nimezibana nyuma yake kwa mpira. Mara moja nilikwama nauli nikachomoa moja, jioni nikarudisha, ingawa haikuwa ileile.

Bibi bado yupo, macho yamepungua. Kila nikienda ananiuliza kama rambirambi ilifika.

"Iko njiani, bibi."

"Ee," ananijibu, "ulisema ni mbali."